Maji Yalale Kwanza

Samaki wa kufugwa kwenye kioo hawafi njaa upesi kama watu wanavyodhani. Kinachowaua ni maji. Ukiwatia kwenye maji yaliyotoka bombani sasa hivi, wanapanda juu na kushuka, midomo wazi, mapezi yamebana mwilini, na ngozi yao inafanya utando mweupe kama jicho la mzee. Nimeona watu wakifa pia, wengi kuliko nilivyotaka, na sijui kwa nini kufa kwa samaki ndiko kunakonirudia nikiwa nakinga maji.

Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa Wahindi, kwenye mteremko wa Nakasero. Mzee wa nyumba alikuwa mpiga picha mwenye studio mjini. Mkewe, niliyemwita Bibi kama wote walivyomwita, ndiye mwenye tangi. Lilikaa sebuleni juu ya meza ya chuma, refu kama jeneza la mtoto, na ndani yake walikuwa samaki wekundu na mmoja mkubwa wa rangi ya dhahabu aliyekuwa mzee kuliko mtoto wangu wa kwanza. Mimi nilizaliwa kwenye nyumba za polisi, baba yangu askari kutoka kaskazini, Kiswahili nilikinyonya na maziwa. Kwetu samaki alikuwa kitu cha kukaangwa. Siku ya kwanza Bibi aliponiambia kwamba hawa wanataka maji yao yatengenezwe, nilicheka ndani kwa ndani hadi tumbo likauma.

Lakini alinifundisha, na alikuwa mkali. Maji ya bomba yana dawa, alisema, ile inayotiwa kwenye mitambo ya maji ili watu wasiharishe. Sisi haitudhuru, samaki inamchoma kwenye mashavu anakopumulia. Kwa hiyo unakinga maji kwenye beseni ambalo halijawahi kuona sabuni, unaliacha wazi barazani, na maji yanalala. Kesho yake ile harufu imekwenda na upepo. Unayakoroga na mwiko wa mti, unayapima kwa kiwiko kama unavyopima ya mtoto mchanga, ndipo unayatia, kidogo kidogo. Ukiyaharakisha, umeua.

Na kama una haraka, palikuwa na chupa. Mzee alikuwa akileta kutoka chumba chake cha giza cha studio chembe nyeupe zinazofanana na chumvi ya mawe, zile za kuoshea picha zisififie. Chembe mbili tatu ndani ya beseni, koroga, na dawa ya bomba inakufa hapo hapo. Nilimuuliza Bibi inaitwaje. Akasema, "Haipo."

Nikamwambia mbona naiona, ipo mkononi mwako.

Akacheka mpaka akakaa chini. Ndilo jina lake, alisema, wapiga picha wote wanaiita hivyo kwa Kiingereza. Mimi tangu hapo niliiona kuwa jina zuri kuliko yote, kwa sababu ukishaitia, dawa kweli haipo.

Halafu ikaja amri kwamba Wahindi waondoke nchini. Nyumba nzima iliingia kwenye masanduku machache, na hata hayo, nilisikia baadaye, yalipekuliwa njiani na askari mpaka hereni zikatolewa masikioni. Bibi hakunipa ushauri wowote wa maisha. Aliweka chupa ya haipo chini ya sinki, nyuma ya sabuni, akanionyesha, akapapasa kioo cha tangi kwa vidole vyake, akaenda.

Baada yao akaja Meja. Alipewa nyumba na kila kilichomo, akanikuta jikoni, akanirithi pamoja na friji.

Sitaki kumfanya mtu huyo awe jini. Alikuwa mwanamume mnene kidogo, anayependa chai yenye tangawizi, aliyekuwa akisalimia vizuri asubuhi. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nafua. Damu haitaki maji ya moto, ukiitia maji ya moto inashika kitambaa milele, inataka maji baridi na chumvi na subira. Nilijifunza hilo kwenye mashati yake. Mara nyingine gari lilirudi na buti likafunguliwa nyuma ya nyumba, na nilijifungia stoo nikahesabu viazi ili nisisikie. Nilisikia. Mtu akipigwa nyundo hapigi kelele kama mtu akipigwa kiboko. Siku moja nilipokuwa naosha sakafu ya gereji nilikuta meno, nikayafagia kwenye karai la taka kama ninavyofagia maharage. Nilimchukia Meja kwa moyo wote, na kila asubuhi nilimkaangia mayai.

Kitu kimoja alichokiogopa ni wenzake. Walikuwa wakimalizana wao kwa wao wakati huo, na aliyemwogopa kuliko wote alikuwa mkubwa mmoja aliyekaa Kololo, kilima cha pili, ambaye zamani walikuwa marafiki. Meja alimleta mganga. Mganga akazunguka nyumba, akasimama mbele ya tangi, akasema hawa samaki ndio waliokuwa wakimlinda Mhindi, na sasa wanamlinda yeye. Wakiwa hai, yuko hai. Akiamka akawakuta tumbo juu, ajue adui amekwisha kumfikia. Mimi nilikuwa na trei ya chai mkononi, nikafikiri, basi maisha ya mtu huyu yako kwenye beseni langu barazani. Sitasema kwamba wazo hilo halikunipendeza.

Lakini niliwatunza. Si kwa ajili yake. Niliwatunza kwa sababu ya Bibi, na kwa sababu samaki hawakumkosea mtu.

Mume wangu ndiye aliyenisaidia bila kujua. Alikuwa Muganda wa upande wa Mengo, mpole, mwembamba, na kazi yake ilikuwa kwenye mitambo ya maji kando ya ziwa. Ndiye aliyekoroga ile dawa nyeupe ya unga na kuitia kwenye tangi kubwa. Kiswahili kwake kilikuwa lugha ya kambi na jela, alikisema kwa ajili yangu tu, na alikisema vibaya kwa raha zake. L ikitangulizwa na i au e, ulimi wake uliigeuza r. Kulala alisema vizuri, lakini maji yakishalala, kwake "imerala". Nilimtania sana. Yeye alinijibu kwamba mimi Luganda yangu ni ya kuku.

Miaka ile vitu vilikuja ziwani ambavyo havikupaswa kuja ziwani. Watu wengi waliacha kula samaki. Mume wangu hakusema aliona nini kwenye zile nyavu za chuma zinazochuja maji, ila alirudi nyumbani akaosha mikono, akaiosha tena. Siku kama hizo waliambiwa waongeze dawa. Basi alikuwa akipitia Nakasero kwa baiskeli, anasimama getini, ananiambia mbele ya walinzi bila kuficha: leo dawa mingi, maji irale kwanza, irale sana. Walinzi walizoea. Walimwita bwana wa dawa.

Jumapili moja nilikuwa kanisani. Meja alitarajia wageni, akaona kioo kina ukijani, akamwamuru mlinzi wake aoshe tangi liwe safi. Mlinzi huyo alikuwa mtu mzima wa upande wa kwetu kaskazini, aliyeniita dada na niliyemwita kaka. Alifanya alivyoambiwa. Akatoa maji yote ya zamani, akavuta mpira kutoka bombani, akajaza. Dawa ilikuwa imeongezwa tangu jana yake. Nilipofika mchana niliisikia harufu kutoka mlangoni, ile harufu inayokwangua pua. Samaki wekundu walikuwa wameelea wote. Yule wa dhahabu alikuwa bado anageuka geuka, akipiga kioo kwa ubavu, ngozi inambanduka vipande vipande. Nilimtia kwenye beseni la maji yaliyolala, akafia mkononi mwangu.

Meja alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakufoka. Aliuliza kwa sauti ya chini nani amefika kwake.

Nikamweleza kwamba hakuna aliyefika, ni maji tu, hayakulala.

"Maji inalala?" akasema. "Kitanda yake iko wapi?"

Na kabla sijajibu, mlinzi, ambaye alikuwa bado na mpira wa maji miguuni na kifo chake mwenyewe machoni, akasema kile alichokiona kitamwokoa. Akasema, "Afande, bwana ya huyu mama ndiyo natia dawa kwa maji. Kila siku nakuja kwa geti, nasema dawa mingi."

Dawa. Kwetu neno hilo ni pana mno. Ni kidonge cha hospitali ya Mulago, ni unga wa kuua panya, ni hirizi ya mganga, ni kitu cha kumtia mtu asiyependwa kwenye chai. Niliona usoni mwa Meja ni ipi kati ya hizo aliyoisikia.

Walimleta mume wangu akiwa kwenye buti, pamoja na kopo la ile dawa ya unga, kwa sababu Meja alitaka aione. Walipomtoa, shati lilikuwa limekwisha kuwa jekundu na jicho moja limefunga. Walimtupa sebuleni kwenye zulia, karibu na tangi. Alinitafuta kwa jicho lililobaki, akaniona, akajaribu kukaa vizuri kama mgeni.

Meja akafungua kopo, harufu ikajaa nyumba nzima mpaka walinzi wakakohoa. Akamuuliza hii ni nini.

Mume wangu alikuwa mtu mkweli na Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Akasema ni dawa ya kuua, ssebo, yaani bwana. Alitaka kusema vijidudu, lile neno hakuwa nalo, akalitafuta kwa mikono, akabaki amesema dawa ya kuua. Kitako cha bunduki kikampiga kwenye taya, nikasikia mfupa. Akaulizwa jina la dawa hiyo. Nayo ni klorini, lakini mdomoni mwake, mdomo uliovunjika, ilitoka kama alivyozoea kuiita.

"Kololini, ssebo."

"Nani ya Kololo?" Meja akauliza, akachuchumaa mbele yake. "Nani ya Kololo nakutuma?"

Hapo nilipiga magoti nikasema yote mara moja, kwamba ni jina tu la dawa, kwamba ulimi wa Waganda ndivyo ulivyo, kwamba dawa hiyo hunywewa na mji mzima, hata yeye Meja anainywa kwenye chai yake ya tangawizi. Hilo la mwisho lilikuwa baya. Alinipiga kofi kwa mgongo wa mkono, pete yake ikanipasua shavu, na alama ninayo. Kisha akawaza. Mtu huyo alikuwa akiwaza kwa kupumua puani, ungeweza kumsikia.

"Kama ni dawa ya kusaidia watu, akunywe," akasema. "Akikufa, ni yeye ameua samaki yangu. Asipokufa, Mungu yake iko. Wewe mama, leta maji."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kutumwa hivyo, amletee mumewe maji ya kufia. Nilikwenda. Mlinzi alinifuata kwa amri ya Meja, akasimama mlangoni mwa jikoni na bunduki yake. Nilichukua jagi. Nilifungua bomba. Halafu mikono yangu, mimi mwenyewe nikiwa bado nalia, ikaenda chini ya sinki, nyuma ya sabuni.

Chembe mbili tatu kwa beseni la samaki. Kwa vijiko vya unga mtupu wa kopo lile, zingetakiwa ngapi, nani alijua? Bibi hakunifundisha hilo. Nilimimina kiganja, nikamimina kingine, nikakoroga kwa mwiko. Zile chembe zikiyeyuka maji huwa baridi sana, jagi likaanza kutoa jasho.

"Unatia nini, dada?"

"Haipo," nikamwambia.

Aliangalia chupa. Aliangalia jagi. Mdomo wake ulikuwa unatetemeka, kwa sababu ni yeye aliyejaza tangi, na ni yeye aliyesema. Nilijua anachofikiri. Alifikiri ni sumu. Alifikiri nimeamua kummaliza mume wangu haraka mwenyewe, asije akaungua tumbo taratibu mbele ya macho yangu.

"Kama haipo," akasema kwa kunong'ona, "ongeza. Ongeza, dada, asisikie uchungu."

Nikaongeza. Nilimimina chupa yote.

Sebuleni Meja alijaza bilauri kutoka jagi, akachota unga kwa kijiko cha supu, akatia, akachota tena. Maji yakawa meupe, yakatoa povu dogo ukingoni, na niliona mvuke kidogo juu yake. Nilingoja aseme kitu. Lakini kopo lilikuwa wazi na harufu yake imejaa kila mahali, hakuna pua ambayo ingejua kilichokuwa kinakufa ndani ya bilauri. Mume wangu aliipokea kwa mikono yote miwili, kama anavyopokea chakula. Aliniangalia. Nilitaka kumwambia kunywa tu, usiogope, nikashindwa, nikatikisa kichwa. Sijui alielewa nini. Akanywa yote.

Alianguka kwa ubavu. Alitapika maji meupe kama maziwa kwenye zulia, kisha mekundu kidogo, akakwaruza shingo yake kwa kucha mpaka ngozi ikatoka. Meja alivuta kiti akakaa kumwangalia, akaagiza chai. Niliileta. Nilisimama pale na trei nikisikiliza pumzi ya mume wangu, ikija, ikikwama, ikija. Nilimwomba Mungu, na nilimwomba Bibi, popote alipokuwa, na yule mzee wa studio pia. Mlinzi alikuwa ameugeukia ukuta. Chai ilipokwisha kikombeni mume wangu alikuwa bado anapumua, na Meja akaonekana kuchoka.

"Mungu yake iko," akasema. "Toa yeye kwa zulia yangu."

Tulimbeba mimi na mlinzi hadi getini, tukamlaza kwenye gari la mtu wa ndizi aliyeogopa kukataa, tukafika Mulago. Daktari aliuliza amekunywa nini. Nikasema maji. Akaangalia shavu langu, hakuuliza tena. Koo lilikuwa limebabuka, taya limevunjika, lakini tumbo lilikuwa zima, na daktari alishangaa. Haipo haikutosha kuua dawa yote. Ilitosha kuniachia mume.

Nilirudi kazini, maana kutorudi kungekuwa jibu. Mlinzi alinijia jikoni, akanisogelea, akaniambia kwa huruma ya kweli, "Pole, dada. Ile dawa yako ilikuwa imeisha nguvu."

Nikamwambia ndiyo, ilikuwa ya zamani. Sikumwambia kitu kingine mpaka siku walipokuja watu kutoka Kololo, mchana kweupe, wakamchukua Meja akiwa na pijama, na mlinzi pia kwa sababu alikuwa amesimama pale. Meja alikuwa akipiga kelele kwamba samaki, samaki. Mmoja wao alipiga risasi tangi tupu, vioo vikatapakaa hadi jikoni. Nilifagia, nikafunga mlango, nikaenda nyumbani.

Sauti ya mume wangu haikurudi. Alipata nyingine, ya kukwaruza, kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga, na aliitumia kidogo. Kazi ya mitambo aliiacha. Na maji ya bomba hakuyagusa tena, hata ya kuchemsha, mpaka niwe nimeyakinga kwenye beseni na kuyaacha wazi tangu jana. Kila nilipompa kikombe alikishika kwanza, akaninyanyulia macho. "Imerala?" Nikamjibu imerala, baba. Ndipo anakunywa. Watoto wetu walikua wakidhani kila nyumba inafanya hivyo. Nilichoka, mara nyingine nilimkaripia, vita vimekwisha, mzee, kunywa maji. Alingoja tu, kikombe mkononi.

Alikufa mzee, kitandani mwake, kwa homa. Ndugu zake wa Mengo wakaja na sabuni na shuka, wakamvua, mmoja akachukua beseni akaenda bombani. Nilisikia maji yanaanza kutiririka. Niliinuka mkekani, nikaenda nikafunga bomba kwa mkono wangu, nikamwaga kilichokuwamo, nikakinga upya, nikaliweka beseni barazani. Nikawaambia hamtamwosha leo. Walisema mazishi yamekwisha kutangazwa, walisema mjane amechanganyikiwa na kilio, wakaita hadi mchungaji anisemeshe. Nilikaa kando ya beseni nikawatazama. Mimi nina hasira zangu, wanazijua, wakaniacha.

Kesho yake asubuhi nilichovya kiwiko. Hayakuwa na harufu. Nikalibeba beseni mwenyewe hadi alipolala, nikaloweka kitambaa, nikaanza na shingo, pale penye makovu ya kucha zake.

"Imerala," nikamwambia.